Siku Kipaza Alipokaa Kimya

Jina lake halisi halina kazi hapa, maana hata wazazi walioleta watoto wao shuleni hawakulijua. Walifika getini wakauliza, "Kipaza yuko wapi?" na mlinzi akawajibu, "Fuata sauti tu, utamkuta." Na kweli. Sauti ya mama yule ilitoka kiwanjani, ikapita ofisi ya mkuu wa shule, ikapita maabara, ikaingia jikoni, na mpishi akaweka mwiko chini akidhani ameitwa yeye. Asubuhi alifundisha jiografia, jioni mpira wa wavu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsinzilia katika lolote kati ya hayo mawili.

Wala msidhani alizaliwa kocha. Alipopangiwa shule ile ya wasichana, bado mwalimu mbichi kabisa, mpira ulikuwa mmoja, umebabuka kwa jua, na wavu umefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Mkuu wa shule wa wakati ule akauliza kikaoni nani atakaa na wasichana jioni. Walimu wanaume wakaanza kukagua dari. Mkuu akamkabidhi yeye, si kwa ujuzi wowote, ila kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyopakana na kiwanja. "Haya, nipeni," akasema, "ila nikishika siachii." Akajifunza kupokea mpira kwa kuupiga kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, mpaka mumewe, fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake upande wa pili wa ukuta huohuo, akalalamika kwamba anashona pindo za nyoka. Baadaye fundi alizoea, tena akanogewa. Jezi zote za timu kashona yeye, na ole wako umwambie namba ya mgongoni imekaa upande.

Mama mkwe wake naye, ambaye masikio yalishaanza kumtupa, alimpenda kuliko wakamwana wote. "Huyu ndiye pekee asiyenong'ona nyumbani kwangu," alisema.

Sasa sauti hiyo ndiyo iliyofundisha mpira. Kipaza hakukaa kwenye benchi, benchi lilikaa nyuma yake. Mechi nzima alitembea pembeni mwa mstari akiita kila kitu: "Rudi! Rudi nyuma! Mbele sasa! Mikono, jamani, mikono hiyo mmepewa ya kulia ubwabwa tu?" Msichana alikuwa hajaamua aende wapi, tayari ameambiwa. Na walishinda, hilo huwezi kumnyima. Kabati la ofisi ya mkuu lilijaa vikombe mpaka mafaili yakahamia sakafuni.

Halafu likaja tangazo kutoka chama cha michezo cha shule. Kila kocha wa sekondari, awe mpya awe mkongwe, ahudhurie mafunzo na apate leseni. Shule ambayo kocha wake hana leseni haitaingia mashindano ya mkoa. Nukta.

Kipaza alichemka. Alichemka ofisini, akachemka darasani, akaja kumalizia kuchemkia nyumbani. "Mimi? Mimi niende kufundishwa kukocha? Nina filimbi shingoni tangu hao wakufunzi wao wananyonya!"

"Basi usiende," mumewe akasema huku anatunga uzi kwenye sindano.

"Nisiende? Na wasichana wangu?"

Hapo ndipo palipouma. Mwaka ule alikuwa na timu ambayo hajawahi kuwa nayo. Alikuwa na Ngazi, msichana mrefu wa kupindukia, ambaye akiruka na kupiga, upande wa pili hupisha njia. Na alikuwa na Kepteni, ambaye ndiye aliyemwinulia Ngazi mipira, msichana mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo, mwenye macho ya kuona kiwanja kizima bila kugeuza shingo. Wote wawili walikuwa mwaka wa mwisho. Mashindano ya mkoa wasingeyapata tena, na Ngazi alikuwa akiitaja siku hiyo kila anapofunga kamba za viatu. Kipaza akasema kama ni leseni, ataifuata.

Kila Jumamosi, basi, akawa anaenda chuo cha ualimu, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kunung'unika. Kama hujawahi kuona makocha wamegeuzwa wanafunzi, uhondo umekupita. Hakuna anayesikiliza, kila mtu anaelekeza. Mkufunzi wao, kijana mpole mwenye miwani, aliangusha kalamu siku ya kwanza, na kabla hajaiokota kocha wa riadha kashadakia, "Kunja magoti, usikunje mgongo!" Walipotolewa nje kwa vitendo, wao wenyewe wakiwa ndio wachezaji, mpira ulipigwa juu, ukapaa, ukashuka taratibu, na watu wazima sita wakasimama wameuzunguka kila mmoja akimpigia kelele mwenzake auchukue. Ukaanguka katikati yao, pwaa! Hakuna aliyeugusa. Kipaza alikuwa mmojawapo, na yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mkufunzi hakucheka, ingawa mimi ningecheka mpaka nikae chini. Akasema tu, "Kocha anayeongea mchezo mzima, anacheza yeye. Timu inamfanyia mikono na miguu."

"Ananisema mimi," Kipaza akamnong'oneza kocha wa jirani, yule mzee wa majigambo waliyemwita Tambo, kocha wa shule iliyokuwa mahasimu wao wa siku zote. Alidhani amenong'ona. Ukumbi mzima ukageuka.

"Dada, na wewe ukiambiwa ukweli unaung'ang'ania kama nguo yako," Tambo akamjibu, na watu wakaangua kicheko.

Lakini Kipaza hakuwa mtu wa kununa. Somo likimwingia, linamwingia kweli. Siku ya huduma ya kwanza mkufunzi alileta fuvu la plastiki, akalifungua, akawaonyesha ubongo unavyotikisika ndani mtu akijigonga, hata kama hapatoki damu, hata kama mwenyewe ameinuka anacheka. Akawaambia mchezaji wa namna hiyo usimwulize kama yuko sawa, maana atasema yuko sawa. Mtazame. Mwulize matokeo. Mwulize kipindi. Akipotea mahali alipopazoea, mtoe, na usimrudishe siku hiyo hata akupigie magoti. Kipaza alitoka pale kimya, jambo lililomshtua hata dereva wa basi. Alikuwa anawakumbuka wasichana aliowahi kuwainua kwa kelele. Hakuna aliyedhurika, ashukuriwe Mungu, lakini ni kwa bahati tu, na yeye alilijua hilo.

Tatizo lake lilikuwa moja: hawezi kusoma kwa macho. Kitu asichokisema hakikai kichwani. Kwa hiyo mazoezi yakiisha, wasichana wakiwa chini wananyoosha misuli, yeye alikuwa akizunguka katikati yao akiwafundisha yote aliyofundishwa Jumamosi, na wao wakawa wanamsikiliza akikariri kama mtoto mwenye mtihani kesho. Kepteni ndiye aliyekuwa msumbufu.

"Kocha, na akikataa kutoka?"

"Anatoka."

"Na akilia?"

"Atatoka analia. Kulia hakujamuua mtu."

"Na kama tunakaribia kushinda?"

Hapo Kipaza aliacha kuzunguka. Kisha akasema, "Kushinda kuna siku nyingine. Kichwa ni hicho hicho kimoja. Haya, badilisheni mguu!"

Ikaja habari ya kipimo cha mwisho. Kila kocha ataileta timu yake kwenye mechi ya kirafiki, atakaa kwenye benchi, na hatasema neno kwa mchezaji yeyote tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Hataashiria, hatakohoa kwa maana. Kubadilisha wachezaji na kuomba muda ni kazi ya kepteni. Mwalimu wa huduma ya kwanza atakuwepo pembeni. Kocha akisema neno, kwa sababu yoyote ile, kipimo kimefutika, atarudia awamu ijayo. Na awamu ijayo ilikuwa baada ya usajili wa mashindano kufungwa. Kwa hiyo neno moja tu, na Ngazi na Kepteni wangemaliza shule bila kuyaona mashindano ya mkoa.

"Wamekupatia hapo," mumewe akasema.

Akafanya mazoezi ya kunyamaza. Nakuapia. Alikaa sebuleni na pipi mdomoni, redio inatangaza mpira, yeye anabana midomo mpaka mishipa inamtoka. Fundi alishona kwa raha kubwa wiki hiyo. Lakini mama mkwe alitoka chumbani, akamwangalia mkamwana wake, akamgeukia mwanawe. "Umemfanya nini mwenzio? Omba radhi sasa hivi."

Siku ikafika. Wapinzani walikuwa timu ya Tambo, ambaye kipimo chake alishakifanya wiki iliyopita na kukipita, kwa hiyo alikuwa huru kuongea, na akaongea. Kiwanja kilikuwa cha saruji, mistari imepakwa upya, watu wamejaa pande zote kwa sababu habari zilishaenea kwamba Kipaza leo anafungwa mdomo. Hata mpishi alifunika sufuria akaja. Mkufunzi akakaa upande wa pili, mkabala na benchi, mikono amekunja.

Seti ya kwanza ilikuwa aibu. Wasichana walikuwa wakigeuza shingo kila mpira ukipigwa, wanasubiri sauti, sauti haiji, mpira unaanguka. Kipaza alikalia mikono yake. Jasho lilimtiririka kuliko waliokuwa wanacheza. Tambo akapita mbele yake makusudi. "Dada, hujambo? Mbona huitikii salamu?" Angekuwa na ruhusa, Tambo angejuta kuzaliwa.

Seti ya pili jambo likatokea. Mpira ulipigwa juu kati ya wasichana wawili, na badala ya kutazama benchi, mmoja akapaza sauti, "Wangu!" Kaneno kadogo tu. Kipaza alishtuka. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia mchezaji wake akisema "wangu" mechini, kwani yeye ndiye aliyekuwa akisema mpira ni wa nani. Mpira uliofuata, mwingine akasema. Kisha Kepteni akaanza kuwapanga kwa sauti ndogo, kavu, isiyo na haraka, na ghafla wale watoto wakawa wanaongea kiwanja kizima, wanaitana, wanaonyana, wanataniana. Walichukua seti hiyo watu wakipiga makelele. Kipaza alikuwa na machozi machoni na alisingizia vumbi, kwa kujifuta tu, maana kusema hawezi.

Seti ya tatu, ya mwisho, walikwenda bega kwa bega. Karibu na mwisho, mpira mrefu ukaja, Ngazi akaruka nao akiwa amejipinda, akaupiga ukazama upande wa pili. Pointi! Lakini alishuka vibaya. Alianguka chali na kisogo kikagonga saruji. Watu walikuwa wanashangilia pointi, wengi hawakuona. Mwamuzi alimtazama, Ngazi akainuka fasta, akajifuta vumbi, akatabasamu. "Niko sawa." Mwalimu wa huduma ya kwanza alikuwa ameinuka nusu, akaketi.

Sasa wasichana walihitaji pointi moja tu wamalize mechi, na zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa ya Ngazi. Mwanzisho wake ulikuwa hatari kuliko wa yeyote. Watu walishaanza kuimba. Lakini Ngazi hakwenda nyuma kuchukua mpira. Alikwenda kusimama mbele, kushoto, pale anapopenda kupigia, akainama kidogo, mikono magotini, akasubiri. Mtoto aliyezunguka nafasi zile tangu mwaka wa kwanza, aliyeweza kuzitaja usingizini.

"We Ngazi, unaota?" mmoja akamtania, wengine wakacheka.

Kipaza hakucheka. Aliona lile fuvu la plastiki. Akatazama mkufunzi, akatazama mwalimu wa huduma ya kwanza, hakuna aliyeelewa, maana wangejuaje? Kwamba zamu ilikuwa ya Ngazi walijua wao tu, watu wa timu. Na hapo, nataka uelewe vizuri, mama yule hakupiga hesabu yoyote. Leseni, mkoa, Tambo, vyote vilimtoka kichwani. Alisimama, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mikono ya Kepteni ilikuwa tayari imepaa hewani kuomba muda.

Filimbi ikalia. Kepteni hakutazama benchi hata mara moja. Alimwendea Ngazi, akamshika mabega. "Hii seti ya ngapi?"

"Ya pili." Alifikiri. "Si ya pili?"

"Mpira wa nani sasa?"

"Wao."

"Unatoka," Kepteni akasema.

"Wee! Bado pointi moja!"

"Najua. Unatoka."

"Una wazimu! Sitoki!" Ngazi alishaanza kulia.

"Basi utatoka unalia," Kepteni akasema, sauti ileile kavu. Akamwongoza mwenyewe hadi kwenye benchi, akamwashiria mwalimu wa huduma ya kwanza, kisha akamwita msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kucheza mechi yoyote, akamvuta ndani.

Ngazi aliketi karibu na Kipaza huku mwalimu akimkagua macho. "Kocha, mwambie! Kocha, nirudishe, niko sawa! Kocha, mbona hunijibu?" Na Kipaza, ambaye neno moja lingetosha kumpindua Kepteni mbele ya watu wote, aliushika mkono wa yule mtoto kwa mikono yake miwili, akautia mapajani mwake, akafunga mdomo. Nimesema mengi juu ya koo la mama yule, lakini sidhani kama liliwahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo.

Msichana wa mwaka wa kwanza alianzisha mpira, ukaingia kwenye wavu. Wapinzani wakachukua pointi, na nyingine, na nyingine. Filimbi ya mwisho ikalia. Walikuwa wamefungwa.

Mkufunzi alivuka kiwanja polepole. "Shikamoo, mama. Niliona umesimama."

"Marahaba. Nilisimama kusema," Kipaza akajibu. Sauti ilitoka na mikwaruzo. "Usinifichie. Mtoto asingeniwahi, ningesema, ungenifuta."

"Ningekufuta," akakubali. "Lakini alikuwahi. Umefaulu. Jina la shule linaingia Jumatatu." Akavua miwani akaifuta, akakaa nayo mkononi. "Nimepima makocha wengi, mama. Sijapata kumpima mtu nikatamani ningecheza kwake."

Wasichana walikuwa wamekusanyika, vichwa chini, wanasubiri mvua ya maneno waliyoizoea wakifungwa. Kepteni akatangulia. "Samahani, Kocha. Nimeipoteza mechi."

Kipaza alimvuta akamkumbatia mbele ya kadamnasi, kitu ambacho hakijawahi kuonekana, na mpishi akasimulia wiki nzima. Jioni alipofika nyumbani mumewe aliuliza matokeo. "Tumefungwa!" akasema, uso mzima unacheka, mpaka fundi akasimamisha mashine. "Tumefungwa, mume wangu, na sijawahi kuringa hivi tangu nizaliwe!"

Ngazi alipelekwa hospitali jioni ileile. Daktari alisema ubongo ulitikisika, apumzike hadi atakapomruhusu, na kabla ya mashindano ya mkoa atakuwa amepona. Akasema pia kwamba angejigonga mara ya pili palepale kiwanjani, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Mama yake Ngazi alikuja shuleni Jumatatu, kanga mabegani, macho mekundu. Alimkuta Kipaza nje ya darasa la jiografia na kumshika mikono yote miwili. "Mwalimu, nimekuja kumshukuru kocha aliyemtoa mwanangu. Sijui nikupe nini."

Kipaza alimwangalia. Zamani angezipokea shukrani hizo na mechi angeisimulia upya, kwa sauti, na yeye katikati. Badala yake akafungua mlango wa darasa, akaita jina la msichana, jina lake kamili la kuandikiwa, si lile la kiwanjani. Kepteni akatoka, daftari mkononi, anadhani amekosa nini.

"Kocha aliyemtoa mwanao," Kipaza akasema, "ni huyu hapa."

Msichana yule mkavu, asiyecheka ovyo, alirudi nyuma hatua moja. Mama wa watu alishamfikia, akamkumbatia na daftari lake, analia. Kipaza aliwaacha hapo mlangoni, akaingia darasani, akachukua chaki, na kwa mara ya kwanza wanafunzi wake walilazimika kumwomba aongeze sauti.